Taa ya Chini ya Lori la Konstantini

Sifa njema zimrejee Aliyeiumba nuru kabla ya macho ya kuiona, na rehema zimshukie Mtume wake, na jamaa zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Baada ya hayo, nawataja waliohusika, kila mmoja mahali pake.

Wa kwanza ni Bi. Hilaria wa Nakwa, mjane, Mmbulu na Mkatoliki mwenye kuishika dini yake. Wa pili ni mwanawe wa kwanza, Konstantini, aliyekuwa dereva wa jeshi katika vita vya Kagera. Wa tatu ni Aniceti, mdogo wake Konstantini, dereva pia, ambaye hakurudi. Wa mwisho ni Swalehe, Mrangi, fundi wa umeme wa magari pale Nangara, kando ya ziwa.

Misafara ya vita ilipotembea gizani, taa zote zilizimwa, ikabaki moja ndogo chini ya kila lori, ikimulika difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, lililopakwa rangi nyeupe. Dereva wa nyuma huufuata weupe ule, hatazami kingine. Na wa mbele hazimi taa ile mpaka wa nyuma apige honi kwamba amefika. Aniceti alikuwa nyuma ya kaka yake. Usiku mmoja, mvua ikiwanyeshea, waya wa taa ya Konstantini ukakatika, weupe ukapotea, na lori la Aniceti halikuonekana tena.

Walipomletea Bi. Hilaria habari, alikataa kuweka matanga. "Simlilii aliye njiani," alisema. Miaka ikapita, wala hakusema jingine.

Magari mabovu ya jeshi yalipouzwa, Konstantini akalipata lile lile alilokuwa akiliendesha, lori la Kiingereza lililomzidi umri. Akalivuta mpaka kwa Swalehe.

"Taa za nyuma nazitaka zile zile za asili," alisema. "Na ile ya chini pia."

"Ya chini ya nini, Konsta? Vita vimekwisha, na dizeli yenyewe siku hizi tunaisikia kwa harufu. Nani atakufuata?"

"We funga tu, fundi."

"Nafunga. Ila ukifuatwa na trafiki, usinitaje."

Madukani hapakuwa na waya wala globu. Swalehe akavua nyaya za trekta lililokufa, akazipitisha katika bomba lile lile la chuma zilimopita za zamani, asibadili njia yake. Alipofika pale ulipokatika waya wa taa ya chini, aliinama kutazama vizuri. Bomba zima lilikuwa limeliwa na kutu, lakini ncha mbili za waya ziling'aa, kama zilizokatika asubuhi hiyo. Akaziunga kwa risasi ya kuyeyusha, akanawa mikono.

Walitoka alfajiri, ukungu wa ziwa umelala juu ya mji. Swalehe alipanda nyuma kuchunga kazi yake. Walipoishika njia ya Nakwa, akagonga bodi.

"Konsta, kuna gari nyuma yetu."

"Unaliona?"

"Silioni. Ukibadilisha gia, nalo linabadilisha. Tena huyo dereva anakanyaga klachi mara mbili mbili."

"Aniceti ndiye wa klachi mara mbili," Konstantini akasema. "Nilikuwa nikimwuliza kama anaendesha gari au cherehani."

Mbele ya nyumba ya mama yao, dizeli ikaisha, injini ikazima. Gari la nyuma lilisimama pia, injini yake ikiendelea kunguruma ndani ya ukungu. Swalehe akashuka, akainama kuutazama ule weupe: ulikuwa umegeuka mwekundu, kama kaa linaloelekea kuwa majivu.

"Betri inakufa," alisema. "Na honi hajapiga."

"Ikizima kabla hajafika, nimempoteza tena," Konstantini alijibu.

Bi. Hilaria alikuwa amekwisha kutoka nje, kanga mabegani. Ndipo sauti ikaja kutoka ukunguni, ya kijana, imekauka kwa safari.

"Shikamoo, mama."

Konstantini akamshika mkono. "Mama, usiitike. Wazee wetu walisema amwitikiaye marehemu humfuata."

"Na shikamoo ya mwanangu niiache nje, kama ya mtu nisiyemjua?"

Akautoa mkono wake taratibu, akasogea mpaka ukungu ukamfika kifuani.

"Marahaba, Aniceti," alisema. "Umefika, baba. Zima gari, upumzike."

Honi ikalia mara moja, fupi. Injini ikanyamaza. Taa ikafa baada yake.

Ukungu ulipoinuka, hapakuwa na lori jingine. Lakini matopeni palikuwa na alama za matairi ya pili, zimezifuata zile za kwanza mpaka mbele ya nyumba, na hapakuwa na alama za kurudi. Swalehe alizitazama, akasoma kimoyomoyo yale tusomayo mtu anapoondoka duniani.

Bi. Hilaria alikaa chini, juu ya udongo mbichi.

"Konstantini," alisema, "waite majirani. Waambie nyumba hii ina msiba."

Ewe Mola, mpokee aliyefika kwa kuchelewa, mpe mama yake subira, na waliobaki njiani usiwaache bila nuru ya kuifuata. Amina.