Usingizi wa Adija Uliobaki Hospitali

Asubuhi ile Massoudi, fundi wa magari wa Buyenzi, alisimama mbele ya kidirisha cha kulipia, kese ya hospitali, termosi ya uji kwapani, akaomba fagitire ya mkewe, hesabu ya anachodaiwa, isomwe polepole, kipande kwa kipande. Ndivyo alivyozoea. Katika karakana yake hakuna mteja anayetupiwa jumla usoni. Anatajiwa buji, anatajiwa mkanda, anatajiwa mkono wa fundi, kisha wanapatana kama watu.

Hospitali yenyewe iko upande wa Kamenge. Jina lake tuliache, maana kuta zina masikio, na masikio ya pale yana wakili.

Mtunza kese aliitwa Valéry, mtu wa adabu zake. Alisoma. Opereshoni ya nyongo. Dawa ya kulaza. Glavu. Glavu tena.

"Glavu mara mbili? Docteur iko na mikono mine?"

"Apana, muzee. Ile ingine ni ya mwenye alimushikia taa."

"Taa inashikwa na glavu?"

Valéry alicheka, akazifuta. Dawa yenye jina refu ikabadilishwa na ndugu yake mwenye jina fupi. Karte ya mutuelle, bima ya matibabu, ikakata chake, akina mama wa kikundi cha akiba wakakata chao. Fagitire ilikonda, lakini haikufa, na kwa desturi ya pale mgonjwa ambaye fagitire yake ingali hai haendi nyumbani. Mkewe, Adija, alikuwa ameruhusiwa na daktari zamani. Alikaa na wenzake walioruhusiwa, nyuma ya geti lenye mlinzi, na kila alipoamka kitanda kilikuwa kimeongeza bei yake juu ya ile ya jana.

"Mi iko na shauri," Massoudi alisema. "Kwangu, mutu akikosa pesa, sishike gari muzima. Nashika kipande. Anaacha gurudumu ya akiba, anaenda kutafuta. Gari ikitembea inaleta pesa. Ikisimama inaleta kutu."

Hakutaja ubao uliopigiliwa juu ya mlango wa karakana yake. Hakuulizwa.

Valéry alifikiri. "Bibi yako iko na kipande gani ya kuacha?"

"Kitanda ni ya kufanya nini?"

"Ya kulala."

"Basi shikeni usingizi. Ye mwenyewe aende."

Valéry alipanda orofani kuuliza. Akashuka na kusema kwamba hakuna sheria inayokataza.

Muuguzi Consolate alimwambia Adija alale kidogo. Alipolala, akamwinua taratibu kwa mabega, kama mtu anayetoa mto kwenye foronya. Usingizi ukabaki umejifunika shuka, unakoroma. Consolate akainama kusikiliza, kwa kuwa kazi ni kazi. "Ni yeye," akasema, akaufungia utepe wenye namba. Adija akavaa kandambili, akajitanda mtandio, akapita getini na macho makavu. Mlinzi alimfungulia.

Buyenzi walimpokea vizuri. Aliyelalamika ni mmoja tu, Tajudini mshonaji, jirani wa ukuta kwa ukuta.

"We Massoudi, mkoromo ya bibi yako ikikatika ndiyo mi naamkaka. Sasa nimekosa alfajiri, dhambi ni ya nani?"

"Nunua saa."

"Saa haikoromake!"

Kwa kuwa Adija hakuwa na usingizi, usiku wote ulikuwa wake. Alikaanga mandazi, akakaanga sambusa, na kabla jua halijapanda sinia lilikuwa tupu. Massoudi alimsifu barazani. Wengine wana mke mmoja, alisema, yeye ana mke na zamu ya usiku. Kila Ijumaa baada ya swala alipeleka pesa kese, na Valéry alizipokea kwa mikono miwili.

Ila kidonda kilikataa kufunga. Adija alirudi kukionyesha.

"Kidonda kinafungaka mutu akiwa amelala," Consolate alimweleza akibadilisha bendeji. "Na usingizi yako iko hapa kwetu."

Bendeji ikaingia kwenye fagitire.

Kulikuwa na jambo jingine. Mama yake Adija, marehemu Mama Khadidja, alikuwa na mazoea ya kumtembelea bintiye usingizini, kumkumbusha kipimo cha iliki na kumsema Massoudi. Sasa akaenda usingizi ulipo. Kila magharibi alishuka kwenye basi na kikapu chake, akapita getini, akakaa chini kando ya kitanda. Hospitali ikamhesabu kama mrwaza, mtu anayemuuguza mgonjwa wake, ikamtoza mkeka.

"Mama mukwe alikufa," Massoudi alisema kidirishani. "Mi mwenyewe nilishika jeneza."

"Pole sana, muzee. Lakini mukeka aliukalia."

Massoudi alimjua mama mkwe wake. Tangu azaliwe hakuwahi kukaa chini patupu.

Shauri jema halikai peke yake. Watu wa Bwiza walisikia, wa Kamenge wakasikia, na muda si muda wadi zikajaa usingizi wa watu, zinanguruma kama kinu cha muhogo. Wagonjwa wapya walilazwa chini koridoni, maana vitanda vina wenyewe. Pale mtaa wa Asiatique wenye maduka waligundua kwamba kuna vibarua wasiosinzia, wakaacha kufunga milango. Wageni wenye tai walikuja kuipongeza hospitali isiyomfungia mgonjwa hata mmoja. Walipigwa picha kwenye geti lililo wazi.

Kisha Massoudi akauza kompresa yake ya kujazia matairi upepo, ile aliyoachiwa na baba yake, akaja na pesa zote zilizosalia kulipwa.

"Ya opereshoni imekwisha, muzee. Hongera," Valéry alisema. "Imebaki ya usingizi."

"Usingizi haikuli! Haioge!"

"Inalala. Mutu analala usiku tu. Hii inalala usiku na muchana. Tunahesabu mara mbili."

Massoudi aliuona akilini ule ubao wa karakana, maandishi yake mwenyewe kwa oili chafu: KINACHOBAKI KINALIPA NAFASI. Alikuwa amewatoza hata wajane. Watu wa hospitali aliwapa nusu ya desturi yake, na nusu nyingine ilijua njia.

Wiki hiyohiyo gari alilokuwa akitumia Valéry lilizimika njiani, likasukumwa hadi Buyenzi. Massoudi alilitengeneza, akashika gurudumu la akiba, akalipangia nafasi safi kivulini, akalihesabia usiku na mchana. Valéry alipokuja alilipa, akaomba tu risiti yenye muhuri.

Massoudi alirudi nyumbani anapiga mluzi. "Tumewaweza," alimwambia mkewe.

Adija hakuinua kichwa kwenye karai. Alikuwa amekonda, macho yamekaa ndani. "Waulize wananirudishia lini," alisema. "Nataka nifumbe macho yafungane."

Ijumaa Massoudi akapeleka pesa za mandazi. Fagitire ilikuwa imenenepa.

"Hii nini?"

"Ya gurudumu, muzee. Gari ni ya hospitali. Na hospitali ni ya wagonjwa."

Massoudi aliomba isomwe polepole, kipande kwa kipande. Valéry alisoma. Bei ilikuwa ileile yake ya karakana, mpaka faranga ya mwisho. Hapakuwa na pa kupatana.

Akaingia wadini, akiruka miguu ya waliolala koridoni. Usingizi wa Adija ulikuwa umegeukia ukuta, umenawiri, unakoroma bila wasiwasi. Mama Khadidja alikuwa mahali pake na kikapu chake. Alimtazama mkwewe kuanzia viatu hadi kofia, akasogea kumpisha kwenye mkeka.

"Kaa basi, fundi. Au umekuja kukagua paa?"

Massoudi alikunja magoti. Yalipokaribia kugusa mkeka, akaikumbuka fagitire, akayanyoosha.

"Apana, mama," alisema. "Mi nitasimama."