Mkono wa Shati

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, Gaudiose alifunua jani la mgomba na kuwapa nyungunyungu wake chakula: maganda ya ndizi, majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, magazeti yaliyochanwa na kuloweshwa. Limau hawakupewa, wala kitunguu. Waliishi ndani ya umuvure, gogo refu lililochongwa ambamo marehemu baba yake alikuwa akikamulia ndizi za pombe. Lilipopata ufa halikufaa tena kwa pombe, lakini kwa nyungunyungu, ufa ule ule ulichuja maji vizuri. Na mboji iliyotoka humo, jamani! Mtaa mzima wa Gitega hakukuwa na mchicha kama wa Gaudiose.

Nyungunyungu hao walikuwa na tabia moja. Nguo ya pamba waliila, ila nguo ya mtu aliye hai hawakuigusa ng'o. Majirani walilijua hilo tangu kitenge cha bibi Nyiransabimana kilipodondokea humo na kusahaulika. Kililala msimu mzima wa mvua bila hata kitundu. Jioni aliyofariki bibi, kikabaki pindo tu. Watu waliwapa wafiwa pole, wakarudi kuchambua maharage.

Mwezi wa kumi mwaka 1990, baada ya usiku wa milio ya risasi mjini, askari walimchukua Léonce, mume wa Gaudiose, fundi cherehani. Walisema anawashonea waasi sare. Gaudiose alipeleka chakula gerezani, akaambiwa hayupo. Akaenda kwa Jean-Bosco, mkuu wa selire yao, yaani serikali ya mtaa, ambaye ndiye aliyewaonyesha askari mlango.

"Mama Mugeni, huyo mutu hakukamatwa," alisema Jean-Bosco. "Kama hajarudi, iko amekufa kwake huko. Lia, maliza, rudi kwa kaka zako Kabuga. Hii nyumba iko na watu wanaitaka."

"Kama amekufa nionyeshe, nimlilie."

"Nikuonyeshe nini, na hakukamatwa?"

Sasa mtu asiyekamatwa huchukuliwaje na askari mbele ya mtaa mzima? Usiulize. Gaudiose hakuuliza. Alitoa shati jeupe la pamba, alilojishonea Léonce mwenyewe kwa ajili ya komunyo ya binti yao Mugeni, akalilaza ndani ya umuvure na kulifunika.

Kwao, mfiwa hashiki jembe mpaka msiba umalizike. Kwa hiyo kila asubuhi Gaudiose alifunua jani, akaliona shati zima, akachukua jembe akaenda kupalilia mchicha. Jean-Bosco akipita, alilitazama jembe kwanza, ndipo akasalimia.

Noeli ilipita hivyo. Asubuhi moja ya Januari mkono wa kulia wa shati haukuwepo, kuanzia begani. Kilichobaki ni vifungo vya kwenye kifundo cha mkono, vimelala juu ya mboji. Gaudiose alikaa chini akalia, akisubiri waimalize kazi. Jioni shati lilikuwa vile vile. Kesho yake pia.

Jirani yake Mukashema aliinama akatazama.

"Anaishi," alisema. "Ila wamemupunguza."

Gaudiose alifua shati, akapunguza nyuzi zilizoning'inia, akaziba bega kwa cherehani ya mumewe. Kisha akalirudisha kwenye umuvure na kushika jembe.

Léonce alirudi wakati wa mvua za Aprili, amekonda, blanketi begani. Gaudiose alimpa maji ya kuoga, akampa na shati lililofuliwa. Lilimkaa sawasawa. Alipapasa mshono wa bega kwa kidole.

"Uzi mnene," alisema.

"Mwembamba uliisha."

"Walinifunga kamba, Mama Mugeni. Mkono ukafa, ukakatwa."

"Najua. Nilikulilia kidogo."

Jioni majirani walikuja kumkaribisha, na Jean-Bosco naye hakukosa, kaja na chupa ya bia. Alimnyooshea Léonce. Léonce akapokea kwa kushoto, lakini Jean-Bosco hakuiachia chupa.

"Ee, siku hizi mutu anapokea kwa mukono moja?"

Hasira ilimpanda Gaudiose. Alisogea, akanyoosha mkono wake wa kulia, akauweka chini ya chupa kando ya ule wa kushoto wa mumewe. Mikono ikawa miwili. Jean-Bosco akaachia.

Baadaye Jean-Bosco akawaambia watu wajionee wenyewe: alisema hakukamatwa, na huyu hapa. Aliomba aongezewe mchicha, akala, akaenda zake, na akaendelea kuwa mkuu wa selire.

Asubuhi Gaudiose alifunua jani la mgomba. Léonce alikuwa ameketi karibu, fundi wa suti za harusi, gazeti amelibana kwa meno, anajifunza kulichana.