Mchungaji Mpya Afuka

Drusilla Penhallow alifundisha miaka mingi katika shule iliyojengwa kwa mabonge ya udongo huko tambarare za Nebraska, ambako upepo haujui kupumzika. Siku mhariri wa gazeti la mji wa Dry Willow alipopandwa na wazimu wa dhahabu akakimbilia milimani, watu wa mji walimwendea Drusilla.

"Mwalimu, mtambo wa kuchapia unaota kutu. Nani mwingine hapa azijuaye herufi?"

Akaweka chaki chini, akafunga aproni. Toleo la kwanza alilipanga herufi moja moja kwa mkono wake, akalichapa, akaligawa, akalala usingizi wa mshindi.

Asubuhi alikuwa ofisini aliposikia kishindo cha kwato. Aliyeingia ni Elof Nyquist, mwanafunzi wake wa zamani, sasa mkulima mwenye ndevu kama mganda wa ngano.

"Mwalimu! Kuna kosa!"

"Kosa? Katika gazeti langu? Vua kofia, Elof, kisha keti."

Elof akavua, akaketi sakafuni, magoti juu kama panzi. Mara Hedda Krause, aliyesoma darasa moja naye, huyo, mbio, viganja vimejaa unga.

"Usimsikilize, Mwalimu! Mimi ndiye niliyeliona kwanza!"

"Wewe?" Elof akadakia. "Hata jina lako ulikuwa unalikosea!"

Drusilla akalinyakua gazeti. Kwa herufi nene, ukurasa wa mbele: MCHUNGAJI MPYA AFUKA. Alikusudia "afika". Masikio yakamwaka moto.

Mlangoni akatokea mtu mrefu, mwembamba, mweusi wa mavazi, kiko mdomoni, moshi ukizunguka kofia yake.

"Ndimi Mchungaji Gilfillan. Nimekuja kwa ajili ya ile habari yangu."

"Nisamehe, Mchungaji, ni herufi moja tu..."

"Nikusamehe nini, binti yangu? Hiyo ni kweli tupu!" Akapuliza wingu zito. "Nipe nakala nimpelekee mama."

Elof akaanguka chali kwa kicheko. Hedda akaushikilia mtambo asidondoke, akajipaka wino hadi puani. Drusilla alijikaza, akajikaza, kisha akapasuka. Alicheka mpaka machozi, na wala hakukumbuka kuona aibu.

Wanafunzi wake wa zamani wakazidi kumiminika, wanaume wa midevu na akina mama wenye watoto mgongoni, kila mmoja kanyoosha kidole juu: "Mimi, Mwalimu! Mimi!" Kufikia adhuhuri halikubaki hata gazeti moja, na waliochelewa walinung'unika.

"Wiki ijayo hamtapata kosa la kuokota," Drusilla akawaambia, akijifuta macho.

"Tutaona, Mwalimu!" wakaitikia kwa sauti moja.