Ubao wa Hélène na Biubwa

Nilikuwa nimepaka herufi mbili tu, M na A, Biubwa akaanza kufunga kanga zake kwenye shuka.

Duka lilikuwa la wawili, huku ugenini Rosettenville, Novemba 2017. Hélène wa Lubumbashi anashona, Biubwa wa Unguja anauza vitambaa. Hélène alitaka ubao uandikwe MAGASIN, yaani duka kwa Kifaransa.

"Papa Jumbe, Bakongomani bote banatafuta ile neno," aliniambia.

"Mimi sikai chini ya neno la Kifaransa," Biubwa akajibu. "Likipanda hilo, babu, mimi natoka."

Mmoja bila vitambaa, mwingine bila cherehani: nani angefika Krismasi? Nikafunika kopo la rangi. "Asiondoke mtu mpaka nirudi."

Shule mimi nimeisoma vipande vipande: chuo cha Kurani Tanga, Kifaransa cha jioni kwa mapadri wa Kalemie, Kireno nikibeba magunia bandarini Beira. Kule maghala yaliandikwa ARMAZÉM, na neno lile lilinikaa kichwani miaka mingi. Nilihisi nimekutana na ukoo wake mahali pengine. Leo lazima nijue.

Nikachukua teksi hadi mjini, nikatembea mpaka Berea kwa Marcellin, mlinzi aliyekuwa mwalimu kwao Bukavu, mwenye kamusi kubwa ya Kifaransa. Ghorofa ya tisa, lifti mbovu. Nilipumzika mara nne, sikurudi. Kamusi yake alikataa kuiazimisha, basi nikaja naye, na yunifomu yake ya kazi.

Akasoma pale dukani, kidole juu ya mstari: "Magasin. Kutoka Kiarabu, makhazin, maana yake maghala."

"Armazém ya Wareno ni nduguye," nikasema. "Na hazina tunayosema sisi, Biubwa, ni ya ukoo huohuo."

Biubwa akaivuta kamusi, akatazama kana kwamba anasoma. "Kumbe letu! Wafaransa wameazima tu."

"Lenu wapi?" Hélène akacheka. "Nanyi mulikopa kwa Baarabu!"

"Tulikopa mapema."

"Eish, kina mama," Marcellin akasema, "mimi nina zamu saa kumi na mbili."

Sikungoja wamalize. Nikapanda ngazi, nikapaka G.

"Inenepeshe hiyo, babu," Biubwa akasema, huku akifungua shuka. "Na chini yake andika KANGA ZA UNGUJA, kabla huyu hajadai nazo ni za Lubumbashi."