Upana wa Ingobyi

Kinamasi cha Giteranyi, Burundi, kwa maneno ya wenyeji, kiliwahi kummeza ng'ombe Jumatatu, na ilipofika Ijumaa kengele yake ikasikika Tanzania. Uthmani, seremala kutoka Gitega, hakuyacheka hayo. Nguzo tatu za mikaratusi alizochomeka humo zilizama kama vijiti kwenye uji. Ya nne ndiyo iliyoshika.

Alikuwa akijenga njia ya mbao juu ya nguzo, ya wageni wanaotembea kutazama ndege. Upana mita moja, vishikio huku na huku. Zilipobaki hatua hamsini kufika ng'ambo, Bibi Melania alikuja akimwegemea mwanawe Kastori, pumzi zikimkatika.

"Fundi, hapa wanapita wangapi sambamba?"

"Mmoja, bibi. Plani iko hivyo."

"Basi mimi mtanikunja?"

Kastori akaeleza, macho chini. Kaburi la baba yake liko ng'ambo. Siku ya maziko, wanaume wanne walimbeba katika ingobyi, ile machela ya kusuka, wawili mbele na wawili nyuma. Katikati ya kinamasi mmoja alizama mpaka kiunoni, marehemu akaanguka matopeni. Wakamzika hivyo hivyo, sanda ikichuruzika.

"Tuliishi naye miaka arobaini, kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania na hapa," Melania akasema. "Namfuata karibuni. Sitaki kumfikia na tope puani, atanicheka."

"Mbao ni chache, bibi. Nikipanua, hatufiki ng'ambo."

"Na hizi za kando?"

"Za wageni kushika, wasianguke."

"Wageni wana miguu, mwanangu. Mimi siku hiyo sitakuwa nayo."

Uthmani alijua mkubwa wa kazi angemfukuza. Kesho yake aling'oa vishikio vyote, akavilaza chini, kimoja kimoja, hadi njia ikapanuka.

Siku njia ilipofika ng'ambo, Melania akajilaza kwenye ingobyi. "Ipimeni njia na mimi mwenyewe."

Wanaume wanne wakamwinua. Mbao zikalia, nguzo zikashika. Uthmani alifuata nyuma, bismillah midomoni kwa kila nguzo. Wakatoka ng'ambo miguu mikavu.

"Haya mama, turudi," Kastori akasema.

"Turudi wapi? Nipelekeni kwa wifi yangu Jovina, hapo kilimani, nikangoje siku yangu. Umeona wapi maiti akirudishwa kula ugali?"

"Mama, bado uko hai!"

"Ndiyo niwachoshe mabega mara mbili?"

Wanaume wakacheka, kisha kicheko kikawafia mdomoni. Wakamwinua tena, taratibu, wakapandisha kilima kwenda kwa Jovina.