Orodha ya Wasiotaka Kupigiwa

Viviane alikuwa amefanya kazi miaka miwili na nusu katika ofisi ile ya simu, nyuma ya kituo cha treni cha Gare du Midi. Wenzake walimwogopa mkuu wao, Éliézer. Yeye alimdharau tu, na dharau ile ilimpumzisha kuliko hofu.

Waliwauzia watu mikataba ya umeme. Sheria haina fumbo: asiyetaka simu za biashara anajiandikisha kwenye orodha, na kampuni inaiondoa namba yake kabla ya kupiga. Kusafisha hivyo faili la namba kila mwezi ilikuwa kazi ya Viviane. Mwezi wa tatu alipoomba orodha mpya, Éliézer alimwambia asijisumbue.

"Ile liste inakula namba zetu nusu muzima," alisema, akijipangusa koti lake la buluu. "Waambie ni sondage, tunauliza mawazo yao tu. Sondage haiko kuuza."

"Na mwisho wa sondage tunawauzia."

"Donc? Ile ni mazungumuzo ingine."

Alisema hivyo kwa fahari ya mtu aliyevumbua moto. Viviane alimwandikia barua pepe palepale: faili halijasafishwa, tusipige. Jibu likaja neno moja: Pigeni. Akavaa casque masikioni, akapiga kama wengine, na siku nzima alijiona hana tofauti na yule mwenye koti.

Alasiri simu moja ilipokewa mtaa wa Woluwe-Saint-Lambert. Viviane alijitambulisha kwa Kifaransa, na mama mzee wa upande wa pili akaipata ile lafudhi mara moja, akageuza lugha.

"Weye ni wa kwetu. Unaitwa nani?"

"Viviane, maman. Wa Bukavu."

"Mimi Mbombo, wa Lubumbashi. Sikia, Viviane. Bwana yangu ako hospitali. Simu ikilia, roho yangu inatoka kwanza. Nilijiandikisha kwa ile liste, simu ilie tu kama ni docteur. Nimekimbia kutoka jikoni, kumbe ni weye, unataka kujua umeme yangu ni ya nani?"

Viviane alihisi uso ukimwaka. "Maman, muko na haki. Hatukuangalia liste. Kamata kalamu." Akamtajia jina la kampuni herufi kwa herufi, tarehe, saa, na kwamba malalamiko yanapelekwa kwa wakaguzi wa serikali.

Éliézer alikuwa amesimama nyuma yake. Alisikia yote, akacheka.

"Umekuwa avocate wa kumutetea? Ule mama hata barua moja hataandika."

Hata kazi hakumfukuza Viviane, kwa jinsi alivyomdharau yule mzee.

Barua ya wakaguzi ilifika baada ya wiki tisa. Walitaka ushahidi kwamba faili lilisafishwa kabla ya kupiga. Asubuhi hiyo Éliézer alimletea Viviane kahawa kwa mkono wake mwenyewe, akafunga mlango, akaweka karatasi mezani. Iliandikwa kwamba yeye, Viviane, alisafisha faili tarehe mbili Machi.

"Ma sœur, tia signature hapa. Ni formalité tu."

Viviane alisoma taratibu. "Tarehe mbili ilikuwa Dimanche, siku ya kanisa. Ofisi ilifungwa."

Éliézer akaivuta karatasi, akaigeuza mbili kuwa tatu kwa kalamu, pale pale, mbele ya macho yake, ulimi ukiwa umechomoza pembeni mwa mdomo. Viviane alitazama mkono ule ukikoroga wino. Alikuwa amejiandaa kukasirika, akajikuta anataka kucheka. Hata kudanganya mtu huyu hajui.

"Lete," akasema.

Akaikunja, akaitia mkobani pamoja na nakala ya ile barua pepe, akatoka. Kahawa hakuigusa. Wakaguzi walivipokea vyote viwili mchana uleule.

Kampuni ilipigwa faini, ofisi ikafungwa. Viviane naye akakosa kazi, akakaa miezi minne akituma maombi, mpaka nyumba moja ya wazee ikamchukua kwa kazi ya mapokezi.

Jumamosi moja alikutana na Éliézer mtaani Matonge, mbele ya saluni, amevaa koti jipya. Éliézer alimsalimu kama ndugu, akamnyooshea kadi. Sasa aliuza madirisha, kwa simu.

"Tunatafuta batu sérieux, ba kazi," alisema.

"Na liste munaangalia?"

"Bon, unajua vile iko..."

Viviane aliitupa kadi kwenye pipa la taka lililokuwa kati yao, bila haraka, ili Éliézer aone vizuri, kisha akaingia saluni kusuka.