Kopo Nyuma ya Spika

Felix, yule mtu wa redio aliyetoka Musoma, aliuliza kwa upole tu, huku akipuliza vumbi kwenye kanda: "Bibi, hii ulikuwa unaitunza wapi?"

Zilpa alimwonyesha kwa mkono wenye unga. Pale kwenye kona, chini ya gitaa la besi lililoning'inia ukutani, palikuwa na spika kubwa ya marehemu mumewe, ubao wake wa nyuma ulishaliwa na mchwa. Ndani yake kulikuwa na donge zito la chuma, na juu ya donge hilo ndipo alipoliweka kopo la biskuti lenye kanda, siku ya nne baada ya mazishi. Sasa ni miaka kumi na minne. Hakulifunga hata kamba. Lilinasa lenyewe, ta, likang'ang'ania kama kupe kwenye sikio la ng'ombe, naye moyo ukatulia. Panya hawataliangusha, wajukuu hawatalichezea, na vitu vya mtu vitakaa pamoja.

Felix aliacha kupuliza.

"Hilo donge ni sumaku, bibi."

"Najua ni sumaku. Alikuwa ananiokotea nalo sindano zikianguka."

"Sumaku inafuta kanda."

Alilisema taratibu, kama mganga wa zahanati anayetaja ugonjwa mbaya kwa ndugu wa mgonjwa. Zilpa akatafuta kigoda kwa mkono, akakaa.

Kanda hiyo ilikuwa moja tu duniani. Kisaka Jazz, bendi ya mumewe, walirekodi santuri tatu huko Nairobi enzi zile, lakini kwenye karatasi ya santuri liliandikwa jina la bendi na la mpiga solo, basi. Mpiga besi nani amjue? Na ilhali besi ndiyo iliyowatoa watu kwenye mabenchi. Mumewe alikuwa na mwendo wake: anakanyaga mara mbili, mazito, halafu ananyamaza kidogo, kama ng'ombe dume anayeshuka mtoni akipima tope. Watu waliuita kanyaga-ngoja. Baadaye kila mpiga besi, kuanzia Sirari hadi Mugumu, aliuiga mwendo huo, na wengine wakavuka nao mpaka, wakaenda kulia nao ugali Kenya.

Sasa mzee mmoja aitwaye Vicent, anayekaa Migori, aliyeingia bendi hiyo mwishoni kabisa, alikuwa amehojiwa na kusema besi ya santuri zile tatu aliipiga yeye. Jumamosi redio ya kina Felix ingetangaza kipindi. Mkuu wake alikuwa amemwambia wazi: lete ushahidi, la sivyo tunakwenda na maneno ya Vicent.

Ushahidi ulikuwa ndani ya kopo. Mwaka themanini na tatu, kwenye dansi ya Kisaka, mwenye duka mmoja aliweka redio kaseti yake juu ya gunia la mahindi na kurekodi. Na humo, kila besi ilipofika kwenye ule ukimya wake, Tomaso mwimbaji alikuwa analitumbukiza jina la mpigaji. Kanyaga, kanyaga, jina. Zilpa alikuwepo, akiuza chai mlangoni, na mimba ya Akech tumboni. Aliipenda kanda ile kwa sababu hiyo kuliko zote. Yeye mwenyewe hakuwahi kulitaja jina la mumewe hata siku moja. Mama mkwe wake alimwambia wiki ile ya kuolewa kwamba jina la mume halilali kinywani mwa mke, likitoka humo linamtoa mwenyewe nje. Akashika hilo. Kwanza alimwita "wewe", halafu "baba Akech", na zahanati alikuwa anasukuma kadi mezani ili karani alisome mwenyewe. Tomaso ndiye aliyekuwa akimtajia.

Baada ya mazishi hakuisikiliza tena. Aliogopa. Na sasa, akiangalia vidole vya Felix vikikaza utepe kwa kalamu ya Biki, aliona hofu nyingine, kubwa kuliko ile. Kwamba siku ile ya nne alimzika mara ya pili, kwa mkono wake, akafurahi.

"Labda kopo limeikinga kidogo," Felix alisema. "Tusikate tamaa."

Akaitia kanda kwenye redio kaseti yake ndogo, akabonyeza.

Kwanza ilikuja mvua. Si mvua, ni kelele ya kanda tupu, lakini ndivyo ilivyosikika, mvua ya masika juu ya mabati, na chini yake hakuna kitu. Zilpa alishika magoti. Nje kuku alikuwa analia yai lake, akatamani mtu amfukuze asije akaficha sauti. Dakika moja. Mbili. Felix alikuwa ameinamisha kichwa, hedifoni masikioni, sauti nyingine akiwa amemwachia bibi kwenye kispika kidogo. Hakumwangalia.

Halafu chini kabisa ya mvua, kitu kikakanyaga.

Kikakanyaga tena. Kikanyamaza.

Zilpa akainama karibu na kispika. Gitaa la solo halikuwepo. Ngoma ilikuwa kama mtu anatembea nyumba ya jirani. Lakini besi ilikuwepo, nzito, na ule uzi wake mnene ukikoroma, maana ulipokatika aliweka waya wa breki ya baiskeli, na waya huo haukuacha kukoroma mpaka anakufa. Kanyaga, kanyaga. Akasubiri jina.

Mvua tu.

Kanyaga, kanyaga. Mvua.

Walisikiliza upande mzima. Tomaso hakuwemo. Felix alisema sumaku huanza na sauti nyembamba, zile nzito huchelewa kuondoka. Kisha akasimama, akaomba ruhusa, akaufikia ule waya ukutani na kuugusa kwa kidole gumba. Ukakoroma. Akarudia kipande cha kanda, akaugusa tena. Sauti ni ile ile.

"Mimi nimeamini," alisema. "Santuri zile nazo zinakoroma hivi hivi. Vicent hajawahi kulishika gitaa hili?"

Zilpa alimwambia kwamba mumewe hakumwazima mtu gitaa lile hata kulibeba.

"Basi nahitaji shahidi aliyekuwepo, alitaje jina la mpigaji. Tomaso amekufa, wa solo amekufa, wa ngoma amekufa. Umebaki wewe, bibi."

Akamsogezea kinasa sauti. Taa yake ndogo nyekundu ikawaka. Zilpa aliiangalia kama anaangaliwa.

"Aliyepiga," alisema, "ni baba Akech."

Felix alicheka kidogo, akajizuia. "Bibi, kutoka hapa mpaka Migori kina baba Akech ni wangapi? Hata Vicent anaweza kuwa na Akech wake."

"Anaye," Zilpa alisema. "Yule mwenye kibanda cha simu."

Hakuna aliyecheka tena. Miaka yote jina lile lilikuwa salama kwa sababu lilikuwa ndani. Na akilitoa, mtu mwenyewe ataenda wapi? Aliogopa atalikosea. Aliogopa zaidi kwamba ataitikiwa.

Akamwomba Felix aiwashe tena kanda, polepole. Mvua ikaja. Akafumba macho. Kanyaga, kanyaga.

"Opondo," alisema.

Ilitoka nyembamba, kama ya msichana. Besi ikarudi kana kwamba imengojea zamu yake, ikakanyaga mara mbili, ikanyamaza, naye akasema tena, "Opondo Orwa," na mara ya tatu, mpaka Felix akainua mkono kumwonyesha kwamba inatosha.

Zilpa aliuliza kama imeingia. Felix akasema imeingia vizuri kabisa, akanyoosha kidole ili amrudishie asikie.

Zilpa akamshika mkono.

"Usiipige hapa, mwanangu. Nenda nayo. Utaipiga Jumamosi, ukiwa Musoma."

Ile kanda ya kwenye kopo akaichukua mwenyewe, akaitia mfukoni mwa gauni, mbali na kona ile, akatoka nje kumtafuta kuku.